Baiskeli Nyepesi ya Pimamaji

Siku ya kwanza Pimamaji alipoishika ile baiskeli, nusura avunje taa ya watu.

Alikuwa anaweka vigae sebuleni kwa daktari wa meno, mama mmoja mrefu, mkavu wa mwili, mwenye mvi alizozikata karibu na ngozi. Vitu vyote vilikuwa vimeshatolewa: viti nje, kabati nje, zulia limekunjwa na kusimamishwa kwenye kona ya baraza. Ilibaki baiskeli moja tu, nyeusi, imeegemea ukuta. Pimamaji akaweka mwiko chini, akatanua miguu kama mtu anayetaka kuinua mfuko wa saruji, akavuta pumzi, akaikamata na kuinyanyua kwa nguvu zake zote.

Baiskeli ikapaa. Ikapita kifuani, ikapita kichwani, gurudumu la mbele likaigonga taa ya darini, taa ikabembea huku na huku. Fundi akabaki mikono juu kama mtu aliyeamriwa na askari asitikisike.

"Daktari," akaita, "hiki kitu kina nini ndani?"

"Hakina kitu," daktari akajibu kutoka jikoni. "Hewa tu."

"Na huku nje?"

"Nyuzi za kaboni. Nyembamba kuliko unywele wako. Wanazipanga tabaka juu ya tabaka, wanazigandisha kwa gundi, halafu wanazioka."

"Wanazioka! Kama mkate?"

Alicheka, lakini hakuishusha. Maisha yake yote alikuwa amesikia kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na maisha yake yote aliibeba mizigo ya wenzake akaona si usufi ni mawe. Leo usufi wenyewe huu hapa, mikononi.

Jina la Pimamaji, kile kifaa cha kupimia usawa, alipewa kazini, kwa ajili ya kichwa chake. Akiingia mahali popote, hata kwenye harusi, hata msibani, alikiinamisha kichwa upande, akafumba jicho moja, akaikagua sakafu kabla ya kumsalimu mtu. Mkewe alikuwa akimfinya. Lakini jicho halikuwa mwamuzi wake wa mwisho. Mwamuzi alikuwa sikio. Kila kigae alichokilaza alikigonga kwa mpini wa mwiko. Kilichokaa vizuri kilijibu kwa mlio mkavu, mfupi, naye akasema, "Kimejaa," akaenda kinachofuata. Chenye hewa chini kilijibu kama debe tupu, naye akaking'oa bila kuambiwa na mtu, maana alijua siku moja mguu wa kiti au kisigino cha mgeni kingekuja kukivunja.

Kazi hiyo ilimpa nyumba, ikawasomesha watoto wake pacha mpaka wakaondoka, na kwa malipo yake ikamla magoti. Nusu ya sakafu za mji ule zilitambaliwa na magoti yale. Kupanda ngazi alishika ukuta na kumwita marehemu mama yake. Asubuhi alikaa kitandani kwanza, akayasugua, akayabembeleza kama watoto wasiotaka shule.

Siku zote za kazi ile kwa daktari, mchana ukifika, badala ya kujinyoosha kivulini alikaa kuitazama baiskeli. Mabomba yake hayakuwa ya mviringo. Yalikuwa yamebanwa mbele na kuchongoka nyuma, kama tumbo la samaki. Waya za breki hazikuonekana; ziliingia kwenye usukani zikamezwa na fremu. Hata nguzo ya kiti, ile inayozama kwenye fremu na kukishikilia kiti juu, ilikuwa bapa kama ubao wa rula. Hapakuwa na kona hata moja ya upepo kujishikilia. Fundi alipitisha kidole kutoka mbele mpaka nyuma akitafuta kiungo, mahali walipochomelea. Hakukuta. Alirudia. Hakukuta tena.

Sakafu ilipokamilika, daktari aliikagua, akashukuru, kisha akaisukuma baiskeli mpaka mbele yake.

"Chukua. Shingo yangu haikubali tena kuinama, na kitu kama hiki kikikaa ukutani kinakufa."

"Daktari, usinichezee."

"Fundi, mimi nang'oa watu meno. Nina sura ya kuchezea mtu?" Akacheka mwenyewe. "Ila uitunze. Si chuma hii. Usije ukaibana kama bomba la maji."

Pimamaji akaitikia, "Ndiyo, daktari," lakini masikio yake yalikuwa yameshatoka nje ya geti pamoja na magurudumu.

Nyumbani, mkewe aliizunguka mara kadhaa, mikono kiunoni.

"Baba Pacha, hii ni baiskeli au mifupa ya baiskeli? Kengele iko wapi? Kibebeo kiko wapi? Nyanya zangu za sokoni nitaziweka wapi?"

"Haibebi mzigo, mke wangu."

"Haibebi mzigo, haipigi kelele, ni ya kutazamwa tu." Akatikisa kichwa. "Huyu ni wifi yangu mdogo mtupu."

Asubuhi yake Pimamaji aliipeleka barabara ya bwawa. Ni barabara iliyotoka mjini ikiwa imenyooka, ikapanda taratibu hadi kwenye mnara wa simu, kisha ikashuka kwa kona ndefu mpaka majini. Lami yake ilikuwa laini kiasi cha kumridhisha hata yeye. Alitarajia magoti yalie kwenye mpando. Akangoja. Akakanyaga, akangoja. Magoti yalikuwa kimya kama watoto waliopewa peremende. Akafika kwenye mnara akiwa bado anangoja maumivu, ndipo akajikuta anatabasamu peke yake kama mwehu.

Halafu mteremko. Hapo ndipo aliposhikwa na bumbuwazi. Baiskeli zote alizopanda tangu utoto zilishindana na upepo, zikitetemeka na kupiga makelele kama kabati la vyombo. Hii iliuingia upepo kama kisu kinavyoingia papai lililoiva. Kadiri ilivyokwenda kasi ndivyo ilivyotulia, ikabaki mvumo mmoja tu kutoka kwenye magurudumu, mnene na wa chini, kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Miti ikapita. Ng'ombe wakapita wamegeuza shingo. Alipofika majini alikaa juu ya ukuta wa bwawa, akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu, "Kumbe."

Tangu siku hiyo akawa haachi. Mkewe aliona mtu anapanda ngazi bila kumwita marehemu.

Sasa, fundi ni fundi, na mkono wa fundi haukai bure. Jioni moja mvua ilimnyeshea njiani. Alipofika nyumbani aliifuta baiskeli kwa fulana yake, kisha akafanya alichofundishwa ujanani kuhusu kila kitu kinachoingia ndani ya kingine: akakichomoa kiti, akaipaka nguzo yake grisi, ya kutosha, kwa mapenzi, akairudisha. Chuma kisichopakwa kinashika kutu, nani asiyejua?

Kesho yake akiwa barabarani aliona magoti yanasogea karibu na masikio. Kiti kilikuwa kinazama. Akashuka, akakipandisha, akakaza kibanio cha nguzo. Kikazama tena. Akakaza zaidi. Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa na msemo: kaza mpaka ikubali, halafu ongeza kidogo cha kuiaga. Pimamaji akarudi nyumbani, akachukua ufunguo wake mrefu, akakaza mpaka ikakubali. Kisha akaiaga.

Tak!

Ulikuwa mlio mdogo, kama mtu aliyevunja kijiti cha kiberiti chumba cha pili. Alitazama kwa jicho moja, akatazama kwa mawili. Nje hapakuonekana kitu. Akaitundika ukutani, akaifunika kwa shuka.

Siku zikapita haendi barabarani. Alijua kona zile za bwawa na mwendo wake pale. Kama fremu imepasuka, siku itakayoachia itaachia hapo, na wa kumwokota watamwokota vipande. Na kama imepasuka, basi imekwisha: kitu alichopewa na mtu kwa moyo mweupe amekiua kwa mkono wake mwenyewe, na magoti yanarudi kulia. Yalikuwa yameshaanza.

"Mbona huendi?" mkewe akauliza. "Mmegombana?"

"Upepo mkali."

"Upepo! Si ulisema upepo ndio chakula chake?"

Akaipeleka kwa fundi baiskeli wa pale kona. Huyo aliitazama kwa mbali, akajifuta mikono, kisha akaificha mgongoni. "Hiyo siigusi, mzee wangu. Nikiiharibu nitakulipa nini, figo?"

Alasiri hiyo Pimamaji alifunga mlango wa chumba, akapiga magoti, akatoa sarafu mfukoni. Akaanza kuigonga fremu kutoka mbele, taratibu, kama anavyogonga sakafu. Ti, ti, ti, bomba likajibu, mlio mkali na safi. Akashuka nalo, akapanda. Ti, ti, ti. Akafika pale chini ya kiti.

Du.

Akagonga tena. Du. Mahali hapo nguzo ilikuwa ndani ya fremu, moja imevaa nyingine, na yeye hakujua ni ipi kati ya hizo mbili iliyomjibu. Na kuichomoa mwenyewe, baada ya yale aliyoyafanya, hakuthubutu.

"Unabisha hodi kwa nani humo?" mkewe akauliza, akasukuma mlango. Akamkuta sakafuni, sarafu mkononi, uso umemwanguka. Ndipo akamweleza yote: grisi, kiti, ufunguo mrefu, tak.

Mama Pacha alianza, "Asiyesikia la mkuu..." Akamwona macho yake, akayaacha maneno njiani. "Twende kwa mwenyewe," akasema.

"Nitamtazama kwa uso gani?"

"Huo huo. Hatuna mwingine nyumbani."

Daktari wa meno aliwapokea kwenye sebule ile ile. Pimamaji alisema kosa lake amesimama, haraka haraka, kama mtoto anayemaliza dawa chungu. Daktari hakumgombeza. Aliuliza jambo moja tu, "Na umesikia nini ulipogonga?"

"Kwingine kumejaa. Hapa, debe."

"Ngoja." Akaenda, akarudi na kile kioo chake kidogo cha mdomoni, kurunzi, na kichuma chembamba. "Mimi pia nagonga, fundi. Jino lina mlio wake."

Wakapiga magoti wote wawili juu ya vigae. Wakalegeza, na nguzo ikateleza ikatoka, inang'aa grisi. Fundi akaifuta, akaigonga. Juu, ti. Katikati, ti. Pale kibanio kilipong'ata, du. Daktari akamulika: ufa mwembamba, kama wa yai lililogongwa likakataa kupasuka.

"Nguzo imekufa," daktari akasema. "Sasa fremu."

Hapo Mama Pacha alizima feni bila kuombwa. Daktari akaingiza kioo kwenye tundu la fremu, akakizungusha, kurunzi kwenye meno. Pimamaji akafumba macho. Akagonga kushoto. Ti. Akagonga kulia. Ti. Nyuma, ambako ni kwembamba zaidi, mkono ukasita. Akagonga.

Ti.

"Tena," daktari akasema.

Ti, ti, ti, safi, kama kengele ndogo mno.

"Imejaa," Pimamaji akasema.

"Imejaa nini," mkewe akauliza, "na nyinyi wenyewe mnasema ina hewa tu?"

Kabatini kulikuwa na nguzo nyingine, fupi, iliyokuja na baiskeli na haijawahi kutoka kwenye mfuko wake, maana daktari na miguu yake ile hakuwa na haja nayo. Akaileta pamoja na kijikopo cha mafuta mazito. "Kaboni haili grisi. Inapakwa hii." Pimamaji akayasugua kati ya vidole, akahisi chembechembe kama mchanga. Akacheka mara ya kwanza tangu siku ya tak. Ukitaka kitu kishike, kipe cha kushikilia. Hilo alikuwa akiwahubiria watu kuhusu sakafu miaka yote.

Akakaza kwa kiufunguo kidogo cha daktari, vidole viwili tu.

"Basi," daktari akasema.

Basi. Lakini mkono una mazoea yake. Ukaanza wenyewe kuongeza kidogo. Mama Pacha akaudaka kwenye kifundo.

"Usiiage," akamwambia. "Inabaki."

Asubuhi Pimamaji alikuwa kwenye mnara wa simu jua likichomoza. Alisimama kidogo, akaigonga fremu kwa kucha, akasikiliza, kisha akaiachia mteremkoni. Kona ya kwanza aliinama nayo huku sikio lote liko chini ya kiti, likingoja mlio. Kona ya pili bado likingoja. Kisha ule mvumo wa magurudumu ukaanza, mnene, wa chini, upepo ukafunguka mbele yake na kujifunga nyuma yake, barabara ikawa inajitandika yenyewe chini ya tairi, na yule mtu mzima aliyetambaa sakafu za mji mzima alikuwa hagusi chini kabisa.

Alipofika bwawani na kuweka mguu ardhini, ndipo alipokumbuka kwamba alisahau kusikiliza.