Televizyo ya Mgongo Kutoka kwa Shangazi

Herufi zangu zinalala upande kama mihogo iliyopigwa na mvua, na kuna maneno niliyoyaandika jinsi ninavyoyasikia tu. Mtanivumilia. Niliishia shule ya msingi, na kalamu mkononi mwangu inakwenda polepole. Lakini kuongea mbele ya watu kunanishinda zaidi, basi naandika.

Tulipokuwa watoto hapa Kasongo, yaya, yaani kaka yangu mkubwa, alikuwa anaongea kwa ajili yetu wawili. Dukani yeye aliomba, mimi nilibeba. Tulikuwa na mchezo wa televizyo: kisanduku cha kijivu, kaseti moja, na manete mbili za kubonyeza. Ndani yake mtu mdogo alikimbia na kuruka mashimo. Mimi nilikuwa naanguka kila mara katika shimo la pili, na yaya alikuwa ananicheka mpaka anashika tumbo.

Baadaye alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Lusangi, udongo ukamwangukia mguu. Mguu ulipona, ingawa vibaya. Maneno yake ndiyo yaliyobaki huko. Alirudi akakaa kwenye kiti nyuma ya nyumba. Ukimuuliza anajibu ndiyo au hapana, na usipomuuliza jua linazama hujasikia sauti yake. Mama alikuwa ananiangalia kana kwamba mimi ndiye wa kumwongelesha. Mimi, kati ya watu wote.

Ndipo nikakumbuka mchezo. Tulikwenda kuujaribu kwa jirani mwenye televizyo mpya, nyembamba. Picha ilitokea imevutwa pande zote kama nguo iliyolowa, na ukibonyeza kuruka, mtu mdogo aliruka akiwa ameshaingia shimoni. Yaya akairudisha manete mkononi mwangu. "Si wetu huu," akasema, akaenda zake kwenye kiti.

Alisema kweli. Mchezo ule ulizoea televizyo za zamani, zile za mgongo mnene nyuma. Kasongo nilizipata mbili. Moja ilishatolewa nyaya zote, nyingine ilibaki kasha tu, na kuku alikuwa anatagia ndani. Ya tatu nilijua iko wapi: Kabambare, katika salo, yaani sebule, ya shangazi, dada ya baba. Ilikuwa imekufa siku nyingi, lakini alikuwa ameivika kitambaa cha kufuma, na maua ya plastiki juu. Nikaenda kuiomba.

"Mwana wangu," shangazi aliniambia, "Jumamosi wakwe wanakuja kuzungumza mahari ya binti yangu. Unataka wakute salo iko wazi kama uwanja wa mpira?"

"Lakini imekufa, shangazi."

"Wao watajua namna gani? Iko imevaa."

Nikasubiri. Jumamosi wakwe wakaja, wakaketi. Mzee mmoja wao akaitazama televizyo. "Mama, utuwashie basi tusikie habari."

Shangazi hakubabaika. Akaninyooshea kidole. "Fundi wake ni huyu. Ametoka Kasongo kwa ajili yake."

Wote wakanigeukia. Masikio yangu yakawaka moto. Mimi nilijua kufungua simu na redio, basi. Lakini kusema kwamba mimi si fundi kulihitaji maneno, na bisibisi haihitaji maneno. Nikaondoa maua na kitambaa, nikafungua mgongo. Vikaanguka vibanda vya udongo vya nyigu, kimoja baada ya kingine. Mwisho akatoka mjusi, akapita kati ya miguu ya wakwe, akafuata mlango bila haraka.

"Msomaji wa habari ndiye yule," mzee akasema. "Leo amekataa kusoma."

Nyumba nzima ikacheka, na mazungumzo yakaenda laini mpaka mwisho. Walipoondoka shangazi akaniambia, "Beba. Imeshanifanyia kazi yake."

Mimi na mwenye pikipiki ya kukodi tuliifunga kwenye godoro la sponji, nikakaa nyuma yake nikiikumbatia. Kila shimo la barabara liliingia tumboni mwangu. Wanawake waliotoka shambani walitupigia kelele: "Kijana, shika bibi yako vizuri, asikuangukie." Mwenye pikipiki aliwajibu kwa niaba yangu kwamba bibi huyu ni mzito lakini hasemi.

Nyumbani niliiwasha kwa mashine ya umeme ya jirani. Kikatokea mstari mmoja mweupe katikati ya kioo, hakuna kingine. Nikaizima, nikaipeleka nyuma ya nyumba penye mwanga, karibu na kiti cha yaya. Nikaweka chuma cha kuchomelea katika makaa. Wakati kinapata moto, nikanyoosha mkono kufuta vumbi kwenye kofia ya mpira iliyoko mgongoni mwa kioo.

"Acha."

Nikageuka. Yaya alikuwa amesimama.

"Usiguse pale. Hata ikizimwa inaweka umeme ndani. Itakutupa mpaka jikoni kwa mama."

Nilikuwa nimesahau kwamba kabla ya machimbo alikaa kujifunza kazi kwa fundi wa redio sokoni. Alivuta kiti chake karibu, akafunga waya kwenye bisibisi, akaugusisha mwisho wa waya kwenye chuma cha ndani, kisha akachokoza chini ya ile kofia. Tak, umeme uliobaki ukatoka. Akaanza kutafuta palipokufa. "Nyinyi wa simu mnazoea vitu vidogo. Tazama hapa." Chini ya bodi, kwenye miguu ya kipande kimoja cheusi, risasi ya kuunganishia ilikuwa na nyufa za mviringo. Mimi nikaiyeyusha upya, yeye akinielekeza. Ongeza. Basi. Unachoma kama muchoma nyama.

Tulipoiwasha tena, ule mstari ulifunguka juu na chini kama jicho la mtu anayeamka. Pembeni kuna doa la zambarau mpaka leo, nimeliacha. Nikaweka kaseti. Nikakimbia, nikaruka shimo la kwanza, nikaanguka la pili.

"Miaka yote hii," yaya akasema, "na bado unalala pale pale. Walikujengea nyumba mule?"

Na akacheka. Mama alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, wala hakurudi jikoni.

Sasa manete moja imekufa kidude cha kuruka, kwa hiyo tunapokezana, na yaya hapendi kuachia. Wewe unayesoma, kama unayo manete ya zamani, au kama na wewe kuna shimo lililokushinda, niandikie. Usiogope mwandiko mbaya, umeshauona wangu. Nitajibu polepole, lakini yaya atakuwa ananitajia maneno ya kuandika.