Kichaka cha Mwisho Shambani kwa Baba

Siku niliyojua asili ya neno bayoanuwai nilishindwa kukaa kitini. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Wengine hulewa busaa, mimi hulewa maneno. Bayo ni uhai, tumelipata kwa Wagiriki kupitia kwa Waingereza. Anuwai ni aina nyingi, tumelipata kwa Waarabu. Wanasayansi walichoka kutamka maneno mawili marefu ya Kiingereza, wakayabana yakawa moja, nasi tukaunda letu: uhai wa kila aina, kuanzia kuvu hadi ndovu.

Jumamosi iliyofuata nilitoka mtaani kwangu Kapsoya alfajiri kwenda nyumbani, kijijini Ziwa. Baba alikuwa amekodi trekta ing'oe kichaka kilichobaki chini ya shamba, ili mahindi yafike hadi mtoni. Nilikuwa na hakika kwamba neno langu litamshinda.

Nilimweleza tukiwa tumesimama pale pale kichakani, mikono hainitulii. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama mahindi nayo hayana uhai. Nikamwambia yanao, ila ni wa aina moja tu. Akacheka. Basi nikamwomba, kabla trekta haijafika, anitajie kila mmea uliomo humo kwa Kikalenjin.

Alianza shingo upande. Huu ni senetwet, alisema, mkaa wake ndio mama yako husugulia kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Ule ni wa ng'ombe aliyevimba tumbo. Huu unapendwa na nyuki. Mara akawa ananitangulia, ananivuta mkono, anainama, ananusa majani, sauti imempanda. Baba yangu huyu, asiyesema neno kabla ya chai! Nami nikamfuata nyuma nikicheka ovyo kwa furaha, sketi imejaa mbegu za nyasi zilizoning'ang'ania.

Akafika kwenye mmea mfupi wenye maua meupe, akasimama. Alichuma jani, akalifikicha, akalinusa, akalinusa tena. Aliniambia kwamba mama yake alikuwa akimchemshia huo kila aliposhikwa na homa. Jina lilikuwa limemtoka. Akalingoja, halikuja. Nilitamani kumsaidia, lakini mimi sikuwahi kulijua, na bibi, huyo mama yake, alikwisha kuzikwa zamani.

Trekta ikaingia ikinguruma. Dereva akauliza aanzie upande gani.

"Zima hiyo kitu kwanza," baba akamwambia. "Kuna moja hapa sijakumbuka."