Aliyenipa Mgongo pale Kaunta

Aibu hii ni yangu peke yangu, na ninaisimulia kwa sababu mmekwisha kuisikia kutoka kwa watu walioitia chumvi. Heri muipate kwa mwenyewe, tena kwa mpangilio.

Kwanza mjue kwamba karibu kila mwezi napanda ndege Songwe kwenda Dar es Salaam kwa shughuli za chuo, na kwamba shirika ninalolitumia (silitaji, halina kosa) lilinipa kadi ya wasafiri wa mara kwa mara, yenye ahadi kwamba kiti cha daraja la mbele kikiwa wazi, nitapandishwa bila malipo. Miaka miwili nimeitoa kadi hiyo mfukoni, na miaka miwili nimejibiwa, "Mfumo umekataa, mzee," nikaenda kukaa nyuma jirani na choo, huku viti vya mbele vikisafiri vitupu. Asafiriye sana atanielewa: kinachouma si kiti, ni kule kuahidiwa.

Pili, mchumba wa mwanangu Lusajo ni binti wa Kihehe kutoka Iringa. Tulipopeleka posa, mimi, Mnyakyusa wa Rungwe niliyeandika kurasa nyingi juu ya mila zetu, nilisisitiza kupitia kwa mshenga kwamba binti aishike mila ya kwetu kikamilifu: asinitazame baba mkwe wake usoni, asinisemeshe, wala asilitamke jina langu, mpaka wazee watakapotufungulia. Mke wangu aliponiletea picha yake kwenye simu, niligeuza uso. "Mila ni mila," nikasema (na nilijisikia vizuri sana kusema hivyo).

Basi asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umetanda, ndege imechelewa, nami nina njaa. Pale kaunta alikuwapo binti mgeni, akimsalimu kila abiria kwa jina lake na kutabasamu. Nilipoweka kitambulisho na kadi yangu, alikisoma, akashtuka, akageuka ubavu, akachapa huku ameangalia ukuta, kisha akaisukuma karatasi yangu ya kupandia ndege kwa ncha za vidole bila kutamka neno.

"Binti, nauliza habari ya kadi yangu."

Akanipa mgongo kabisa.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniangusha. Badala ya kuisoma ile karatasi, niliikunja nikaitia mfukoni, nikamwita msimamizi, nikamhutubia yeye na foleni nzima juu ya ahadi, utu na malezi, nikataka malalamiko yangu yaandikwe.

"Bado yuko kwenye majaribio, mzee," msimamizi akaninong'oneza. "Nikiandika hili, kazi hana."

"Andika."

Binti alipoitwa, alijifunika uso kwa skafu ya sare, akapiga magoti nyuma ya mizani ya mizigo.

"Unaona?" nikasema. "Sasa hata uso ananificha."

Mama mmoja wa Uyole, aliyekuwa nyuma yangu na kikapu cha maparachichi, akacheka taratibu. "Mwe, mwalimu. Huko si kudharauliwa. Huko ni kukimbiwa kama baba mkwe. Hebu mwanangu, umechumbiwa na nani?"

"Na Lusajo, mama," sauti ikatoka nyuma ya mizani. "Huyo mwalimu ndiye baba yake."

Foleni ikaangua kicheko, nami nikageuka upesi kuutazama mlango, maana mila inanibana na mimi pia. Tukabaki tumepeana migongo, msimamizi katikati yetu.

"Ichane hiyo karatasi ya malalamiko," nikamwambia msimamizi. "Na umwambie namwomba radhi."

"Mzee, yuko hapa hapa. Anasikia."

"Mwambie."

Akaichana vipande vinne, akageuka. "Dada, anakuomba radhi."

"Mwambie hakuna neno," binti akajibu. "Mwambie pia aisome karatasi yake."

Niliitoa mfukoni, nikainyoosha. Safu ya kwanza, dirishani. Alikwisha kunipandisha kabla sijafungua mdomo.

Nilisafiri katika kiti hicho kipana kama mtu aliyekalia miiba. Nimeapa kwamba sitadai heshima tena popote kabla ya kutazama kama sijakwisha kupewa.

Niliporudi nyumbani nilimwomba mke wangu anionyeshe ile picha, walau nijue ninayepaswa kumkwepa. Akaifunga simu yake katika pindo la khanga.

"Mila ni mila," akasema.