Simu Iliyofungua Mdomo Kwenye Kizuizi

Simu ilimwita kamanda mwizi, mbele yake, kwa sauti ya Mama Masika, na Papa Kambale alipoifunika kwa kofia ikazidi kuipaza. Aliyeifundisha kupaza sauti ni mimi, kwa hiyo naona aibu kusimulia haya hata kwenu mnaonijua.

Nirudi nyuma kidogo. Mama Masika ni mfanyabiashara kutoka Butembo, ana duka Bihambwe, na magari yake mawili hupeleka bidhaa hadi Walikale, kwenye njia ambayo vita vimeikata vipande na kila kipande kina wenye bunduki wake. Rezo nayo, yaani mtandao wa simu, hushika kilima kimoja ikaruka vingine vyote. Aliniomba programu ya kuwafikishia madereva sauti yake ya kuwaonya, nami nikaitengeneza isome hali yenyewe: gari likitembea inyamaze, maana dereva aliye kwenye matope yale hafai kusumbuliwa; gari likisimama na rezo ikiwepo, ihesabu kwamba dereva amefika mahali pa kupumzika na ifungue ujumbe bila kuguswa. Ikiwa gizani, yaani mfukoni, ipaze sauti (hilo la mfuko nililisifu mwenyewe wiki nzima).

Siku ya kuijaribu nilikaa mbele na Papa Kambale, dereva. Nyuma yetu kulikuwa na viazi, na chini ya viazi bidoni za mazutu, madumu ya dizeli, kitu ambacho kwenye kizuizi cha kabla ya Masisi husemi kwamba unacho.

"Hii simu yako, kaka, inajua njia kunipita?" aliniuliza.

"Haijui njia, Papa. Inajua wewe unafanya nini."

"Hata mama watoto hajue ile."

Nikacheka, nikaendelea kujigamba. Jambo ambalo sikuwa nimejiuliza, pamoja na shule yangu yote, ni gari husimama wapi katika njia ile. Husimama kwenye kizuizi. Na wenye bunduki huweka kizuizi wapi? Juu ya kilima penye rezo, maana nao wana watu wa kuwapigia.

Tulisimama mbele ya mti uliolazwa barabarani. Papa Kambale alizima injini, kamanda akaja dirishani, akauliza tumebeba nini, Papa akajibu, "Viazi tu, chef," na hapo hapo simu ikaamka.

"Papa Kambale, pale kwa bariere ya juu wale wezi wanakamata mazutu yote. Sema njo viazi tu."

Papa akaitupia kofia. Simu ikaona giza, ikaamini iko mfukoni, ikarudia ujumbe kwa sauti ya kusikika hadi kwa akina mama abiria waliokaa juu ya viazi, na mmoja wao akaguna, "Yesu, tumekwisha."

"Ule mama iko wapi?" kamanda aliuliza, bunduki sasa ikielekea kifuani kwa Papa. "Muzee, njo unatupeleleza?"

Nikaona wanaweza kumshusha Papa na tusimwone tena, nikasema mimi ndiye niliyeitengeneza, mama huyo hayumo garini, ni simu imeona tumesimama na rezo ipo, ikadhani tunapumzika.

"Inadhani hapa watu wanapumzika," kamanda akawaambia wenzake, nao wakacheka hadi mmoja akakaa chini. Wakashusha bidoni zote. Papa wakamwachilia, simu wakabaki nayo.

Tulipofika Masisi niliazima simu dukani, nikaingia kwenye programu ile na kumrekodia Papa Muhindo, dereva wa gari la pili, nikimwambia arudi na mazutu yake, bariere wanajua siri. Papa Kambale alisimama nyuma yangu.

"Atasikia lini?"

"Akisimama penye rezo, Papa."

"Wapi?"

Pa kusimama penye rezo ni pale pale kwenye kizuizi. Nilitaka kuufuta ujumbe, lakini sehemu ya kufuta sikuwa nimeitengeneza. Nilimpigia Muhindo moja kwa moja, hapatikani. Nilimpigia Mama Masika, akasema gari lilishaondoka Bihambwe.

"Uliona iko akili," Papa Kambale alisema, akaenda kukaa peke yake kwenye ngazi za duka, uso ukielekea barabara tuliyotoka.

Nimeapa sitatengeneza tena kitu cha njia kabla sijaipita njia yenyewe, lakini kiapo hicho hakimsaidii Muhindo. Hadi naandika haya, mbele ya jina lake pameandikwa maneno niliyoyachagua mwenyewe: ujumbe unasubiri dereva apumzike.