Nyimbo Nilizojua Kupokea Tu

Wiki iliyopita binti yangu alinipeleka Al Khoudh, chuoni kwao, tukawatazame wageni kutoka visiwa vya Uskoti. Wanawake walizunguka meza wakigonga kitambaa kizito cha sufu kilicholoa maji ili nyuzi zishikamane, huku wakiimba kwa Kigaeli, lugha ya mabibi zao. Mmoja anaanzisha, wengine wanapokea. Kisha kijana wao akafungua kompyuta, sauti ya bibi yake marehemu ikaanzisha, na jukwaa zima likampokea. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Wivu ulikuwa umenijaa, nakwambia kweli.

Maana hata sisi tulikuwa na nyimbo zetu za kazi, katika fleti ya mtaa wa Hamriya. Kila Alhamisi baada ya alasiri bibi yangu na wenziwe waliohamia huku kwa Waarabu kutoka Unguja walikaa zuliani kushona kofia. Kiyoyozi cha dirishani kikinguruma, harufu ya iliki na kalimati ikitoka jikoni, na sindano zikipanda na kushuka kwa mwendo wa wimbo. Kazi yangu ilikuwa kuwatilia uzi sindanoni, kwa kuwa macho yao yalishachoka.

Siku moja nikaruhusiwa kuanzisha. Lakini nilikuwa mtoto wa skuli ya Kiarabu, na "p" ilinishinda. Badala ya "mpenzi wangu yuko mbali" nikaimba "mbenzi wangu yuko mbali".

"Makubwa haya! Ana Benzi! Kalinunua lini?" akauliza jirani yetu, na kofia zikawaanguka kwa kicheko.

"Wewe pokea tu, mwanangu," bibi akasema, mwenyewe anafuta machozi ya kucheka. "Nna mwenzio hapa, ataanzisha yeye."

Huyo mwenzangu alikuwa mtoto wa jirani huyo, aliyeletwa kutoka Unguja mwaka uleule, Kiswahili chake kimenyooka. Tangu hapo bibi alimweka ubavuni pake, akamfundisha ubeti baada ya ubeti. Nilimchukia. Nilikuwa nikimpa sindano butu makusudi.

Bibi akafa, wenziwe wakamfuata, jengo likavunjwa. Mtoto wa jirani akaolewa mtaa wa Bustan, akaondoka na nyimbo zote kichwani. Kila tulipokutana harusini aliniambia, "Njoo basi siku moja, tukae tuimbe." Nami nikijibu inshallah, ya mdomoni tu. Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto, na bado sijamsamehe kwa kukaa pale ubavuni kwa bibi. Ramadhani iliyopita akafariki.

Tuliporudi garini siku ile ya wageni, binti yangu aliniomba nimwimbie wimbo mmoja wa kwetu. Nikaimba sehemu za kupokea, zote, bila kukosea hata moja.

"Na mwanzo wake, mama?"

Mwanzo sikuwa nao. Alikuwa nao yule mtoto wa jirani, na namba yake ilikuwa kwenye simu yangu miaka yote hiyo.