Mama Vifaranga na Kaka wa Duka la Dawa

Ni saa moja asubuhi na Mama Vifaranga ameinama bandani, mkono mmoja unaokota mayai, wa pili umeshika simu. Kuku wake 260 wanapiga kelele kama wafanyakazi waliocheleweshewa mshahara. Simu nayo haitulii.

"Huyu kuku wake anahara kijani. Huyu anauza pikipiki," anasema, akimfuta mwenye pikipiki kwa kidole gumba. "Hapa si mnadani."

Kwa miaka mitano sasa, mama huyu wa watoto wanne amekuwa msimamizi wa kundi la mtandaoni la ushauri wa ufugaji lenye wanachama zaidi ya 4,000. Halipwi chochote. Jina la Mama Vifaranga alipewa humo humo, na siku hizi hata mumewe humwita hivyo, hasa akitaka chai.

Sheria tisa za kundi aliziandika mwenyewe. Ya nne ilisema msimamizi hakosolewi mbele ya watu. Mwenye neno amfuate pembeni. Sheria hiyo ndiyo inayomnyima raha leo.

Mwaka jana fundi cherehani mmoja, aliyekuwa ameanza na vifaranga 200, aliuliza achanganye chanjo ya kideri, ugonjwa unaofagia banda zima, na maji gani. Mama Vifaranga akamjibu kwamba ya bomba yanafaa, mradi yawe safi. Yeye mwenyewe hutumia maji ya kisima na hakuwahi kujaribu ya bomba.

"Nilijibu ili nionekane nimejibu," anasema. "Watu elfu nne wakishakuita mama, unaona aibu kusema sijui."

Haukupita muda, mwanachama mwingine akaandika: "Umekosea. Maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu, na chanjo nayo inakufa humo. Futa hilo jibu."

"Hakuniamkia, hakuniita mama. Futa! Mimi naambiwa futa! Damu ilinichemka."

Alifuta kweli, ila hakufuta jibu lake. Alifuta ujumbe wa yule kaka, kisha akamtoa kundini.

Msimamizi mwenzake, mwalimu mstaafu, alimfuata pembeni kama sheria ilivyotaka. "Nilimwambia, dada yangu, adabu hana, lakini je, kama anasema kweli? Akanijibu tusilee utovu wa nidhamu," anakumbuka mwalimu. "Nikanyamaza. Na mimi nina sehemu yangu katika hili."

Fundi cherehani akashukuru: "Asante mama, Mungu akubariki." Ujumbe huo Mama Vifaranga anao mpaka leo. Anauonyesha bila kuombwa.

Wiki tano baadaye kideri kikaingia kwenye banda la fundi. Walibaki vifaranga kumi na mmoja.

"Afadhali angenitukana," anasema Mama Vifaranga, na hapo anaacha kuokota mayai. "Aliniuliza tu, mama, nilikosea wapi? Nikamwambia hukukosea, mwanangu, nimekosea mimi."

Siku hiyo hiyo alikiri kosa kundini na kuifuta sheria ya nne. Wako waliomlaumu, wako waliompa pole. Fundi cherehani alijitoa bila kuaga, na hajaanza tena kufuga.

Akabaki yule kaka aliyetimuliwa. Mwanachama mmoja alimwelekeza anakofanya kazi: duka la dawa za mifugo, mabasi mawili kutoka kwake. Mama Vifaranga akajifunga kibwebwe, akaenda kuomba radhi.

"Nilipanga foleni. Zamu yangu ilipofika, akaniambia shikamoo mama, karibu. Kumbe adabu anayo! Nikasema naomba chanjo ya kideri."

Kaka alimfungia chanjo pamoja na barafu, akampa na onyo ambalo humpa kila mteja: asichanganye na maji ya bomba. "Akaniambia kuna kundi huko mtandaoni linapotosha watu. Aliwaambia ukweli, wakamfukuza."

Alimjibu nini?

"Nilimwambia asante mwanangu. Nikalipa, nikaondoka."

Amerudi mara mbili zaidi, na mara zote imekuwa hivyo hivyo. Jikoni kwake anafungua friji. Mlangoni, kando ya maziwa, kuna vichupa vitatu vya chanjo ambavyo havijafunguliwa. Kuku wake walikwishachanjwa siku nyingi.

Jumamosi atakwenda kwa mara ya nne. Anataka kumwomba awe msimamizi, majibu yote ya dawa na chanjo yapitie kwake kwanza. Mwalimu ameshakubali.

"Akikataa, ni haki yake. Akinifokea mbele ya wateja, nitasimama nisikilize," anasema, akiufunga mlango wa friji taratibu. "Ila safari hii nitataja jina langu nikiwa bado mlangoni, kabla hajaniamkia. Akishaniamkia tu, siwezi tena."