Mchinjaji Aliyeatamia

Mchinjaji wa mtaani kwetu, hapa Lindi, husalimia watu kama anawafokea, na vidole vyake haviishi harufu ya damu. Bidhaa za nje ziliporudi madukani baada ya miaka ya uhaba, alinunua mashine ya umeme ya kutotolesha vifaranga. Jana umeme ulikatika tangu alfajiri. Nilifuata nyama nikakuta bucha imefungwa, nikaenda kwake. Alikuwa amelala chali mkekani, kifua wazi, mayai ya ile mashine yamepangwa mbavuni mpaka kwapani, naye anayafunika kwa blanketi. Nikasimama mlangoni.

“Funga mlango, mwanangu,” alininong’oneza. “Upepo unaingia.”

Blanketi likatikisika, kifaranga kikalia kwapani mwake. Akanikodolea macho, ameshtuka kuliko mimi, hathubutu hata kupumua.